Baba anachelewa kujibu, ni uzee?

SWALI: Dokta, baba ana miaka 71 na presha ya siku nyingi, kumbukumbu sio mbaya ila ukimuuliza kitu anachelewa kujibu, na kupanga mambo yake kunamshinda. Ni uzee tu?

JIBU: Usikimbilie kusema uzee. Ubongo unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ya mwili, sasa presha ikikaa juu miaka na miaka vile vimishipa vidogo vya ndani vinakakamaa, vinakuwa vyembamba, damu haifiki vizuri na njia zinazounganisha sehemu za ubongo zinaumia kidogokidogo bila hata mtu kupooza, ndo maana mara nyingi kasi ya kufikiri inashuka kabla ya kumbukumbu. Mpeleke apimwe presha na sukari, dawa asiruke, nakuomba sana. Mdomo ukipinda ghafla, hospitali saa hiyohiyo.