Nidropu oganiki au nikomae nayo? Anti anajibu

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni binti wa miaka 20, niko Dallas, Texas, tulikuja na mama na wadogo zangu kwa grinikadi. Nasoma mwaka wa pili chuo cha serikali na udaktari nautaka tangu niko shule ya msingi Morogoro. Semesta hii nimebeba krediti 16, ndani yake kuna oganiki kemistri na lab yake, halafu usiku tatu kwa wiki nafanya kazi nyumba ya wazee kwa sababu mama alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwezi wa tisa na hajarudi kazini mpaka leo. Mtihani wa kwanza wa oganiki nimepata 48, wa pili 51. Mwisho wa kudropu ni Ijumaa ijayo. Nikidropu transkripti itaandikwa W, yaani nimejitoa, nikibaki naona D inakuja, labda C nikibahatika. Baba mdogo yuko Dar, nimempigia akasema daktari hakimbii somo, eti shule za udaktari zikiona nimejitoa zinanitupa nje hapo hapo. Silali Anti. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole ya mama kwanza, mgongo si kitu cha mchezo.

Nianze na baba mdogo maana naona yeye ndo amekuondolea usingizi kuliko hata hiyo 51. Anakupenda na anaongea kwa anachokijua. Nyumbani ukimaliza Form Six na PCB yako (fizikia, kemia, bailojia) unaingia MD, digrii ya udaktari, moja kwa moja, miaka mitano, masomo umepangiwa, hakuna habari ya kutoka kwenye somo moja katikati ya semesta ukabaki na mengine. Ukianguka unapiga sapu, mtihani wa kurudia, na alama ya sapu mara nyingi haipandi juu ya C, na mambo yakiharibika kabisa unadisko, unaondolewa chuo. Sasa mzee akisikia "nimejitoa" kichwani kwake inagonga disko. Mweleze taratibu kwamba huko uliko hujaanza udaktari bado, upo kwenye miaka minne ya digrii ya kwanza, maombi ya shule ya udaktari yanakuja baadaye, na W siyo disko wala siyo sapu. Ni alama inayosema huyu alianza kozi, akatoka ndani ya muda ulioruhusiwa, basi.

W haina namba, hilo ndilo la kushika. Kwa shule nyingi za udaktari za Texas maombi yanapita TMDSAS, na kwa sehemu kubwa ya Marekani yanapita AMCAS, yaani mifumo ya pamoja inayopokea maombi na kuyapeleka kwenye shule. Wote wawili wanataka transkripti ya kila chuo ulichowahi kusoma, hata kolegi ya jamii uliyosoma kozi moja wakati wa kiangazi, kwa hiyo W wataiona, usidanganywe na mtu kwamba unaweza kuificha. Ila kwenye hesabu ya GPA, ule wastani wa alama zako unaoishia 4.0, haiingii. D inaingia, na hapa ndo wanafunzi wengi wanaumia kwa kutojua: hata kama chuo chako kina sera ya kufuta D ukirudia somo, AMCAS na TMDSAS hawafuti, wanahesabu ile ya kwanza na ile ya pili zote.

Hujanitajia GPA yako kwa hiyo nakupigia ya mfano, we weka namba zako. Tuseme una krediti 45 na GPA 3.60. Oganiki na lab ni krediti 4. Ukibaki ukapata D unashuka mpaka 3.39, ukipata C unashuka mpaka 3.47, ukidropu unabaki pale pale 3.60. Sasa mwakani unarudia unapata B. Aliyekuwa na W anasimama 3.55, aliyekuwa na D anasimama 3.36, na wote wawili wamepata B ile ile kwa mwalimu yule yule. Halafu kuna GPA ya sayansi peke yake, wanaitoa kwa bailojia, kemia, fizikia na hesabu, na hiyo inaangaliwa kwa jicho kali. Kama una krediti 24 za sayansi na 3.40, njia ya D halafu B inakuacha 3.05, ya W halafu B inakuacha 3.34. Waliopokelewa udaktari Marekani miaka ya karibuni wastani wao ni karibu 3.8, kwa hiyo kila nukta hapo ina kazi. Tena shule nyingi hazikubali D kwenye somo la lazima, utalirudia tu utake usitake. C ni habari nyingine, C inakubalika sehemu nyingi, na kama ungekuwa na 68 na mitihani miwili mbele ningekwambia bana meno ubaki. Ila kwa 48 na 51, mama mgonjwa na usiku tatu kazini, mi sioni hiyo C inatokea wapi.

Kwa hiyo dropu. Nasema wazi maana umeniuliza wazi. Ila kabla hujabonyeza kitufe chochote kuna mambo ya kufanya wiki hii, usingoje Ijumaa yenyewe.

Uko Texas na Texas ina sheria yake: uliyeanza chuo cha serikali kuanzia msimu wa vuli 2007 na kuendelea, unaruhusiwa kudropu kozi sita tu digrii nzima, na zinahesabiwa hata ukihama chuo kwenda kingine cha serikali hapo hapo Texas. Zile unazodropu kabla ya siku ya 12 ya masomo hazimo na wala hazionekani kwenye transkripti, lakini wewe ulishaipita hiyo. Sheria ina misamaha, mmojawapo ni kumuuguza mtu wa familia. Maana yake nini, nenda ofisi ya rejista na barua ya daktari wa mama, uliza fomu ya msamaha, hii W isikulie nafasi mojawapo ya zile sita. Watu wanaacha hii haki mezani kwa sababu ya kutouliza tu.

Halafu krediti. 16 ukitoa 4 unabaki 12, unabaki mwanafunzi wa muda wote, nashukuru Mungu kwa hilo maana ungekuwa na 14 tungeongea tofauti. Bado pita ofisi ya misaada ya fedha. Kozi uliyojitoa inahesabiwa umeijaribu na hukuimaliza, na vyuo vingi vinataka uwe umemaliza angalau asilimia 67 ya ulizojaribu ndo uendelee kupata Pell, ule msaada wa ada wa serikali. W moja haikuangushi, ila ujue umesimama wapi. Na angalia vizuri isiwe WF, kama chuo chako kinaitoa, hiyo ni kujitoa huku unafeli, na chuo kikiihesabu kama F na wale wa maombi wanaihesabu F.

Kuhusu kutupwa nje. Hakuna kamati inayotupa mtu kwa W moja. Wanachosoma ni mfuatano. W moja semesta ambayo mama yako alikuwa kitandani, halafu umerudi ukachukua oganiki ile ile ukapata B au A, hiyo inajieleza. Fomu za pili, zile shule zenyewe zinakutumia baada ya maombi ya kwanza, nyingi zina sehemu ya kueleza ugumu uliopitia, andika sentensi tatu tu, mama alifanyiwa upasuaji, nikaongeza kazi, nikapunguza kozi nikairudia muhula uliofuata nikapata hiki. Usiombe huruma, na usimlaumu profesa. Na kwenye intavyuu wakikuuliza sema hivyo hivyo kwa sauti ile ile.

Ombi langu moja, ukirudia, irudie pale pale chuoni kwako na punguza usiku wa kazi hata mmoja. Nimekaa na vijana wengi waliodropu vizuri kabisa halafu wakarudi kwenye somo na mzigo ule ule, zikawa W mbili za oganiki, na W ya pili kwenye somo lile lile ni ngumu kuitetea.

SWALI: Niaje Anti, mimi ni Mkenya niko Ohio na F-1, viza ya mwanafunzi, niko na krediti 12 na calculus inaniua. Nikidrop nabaki na 9. W ni sawa ama?

JIBU: W siyo shida yako ndugu yangu, shida yako ni viza. Ukishuka chini ya 12 bila ruhusa ya yule ofisa wa wanafunzi wa kigeni, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni, inaweza kufungwa na hapo hata hiyo calculus haina maana tena. Nenda kwake KABLA hujadropu, siyo baada. Kuna ruhusa ya kupunguza masomo kwa ugumu wa kitaaluma kama uliwekwa kwenye daraja lisilokufaa au hujazoea ufundishaji wa huko, inatolewa mara moja tu kwa ngazi moja ya digrii na lazima ubaki na angalau krediti 6. Ya ugonjwa ipo pia, jumla miezi 12. Asipokupa, baki darasani utafute mtu wa kukufundisha leo leo.

SWALI: Mimi ni mama niko Tanga. Mwanangu yuko Marekani mwaka wa tatu, anataka udaktari. Nimeona karatasi yake ina W nne, nikamuuliza akanyamaza, sasa wiki mbili hapokei simu. Je, ndoto imekufa?

JIBU: Dada yangu, haijafa. Nne zikiwa zote semesta moja, mara nyingi kuna kitu kilimpata, ugonjwa, msiba, pesa, na hicho kinaelezeka. Zikiwa moja moja kila semesta na zote sayansi, hapo kuna mzigo anaubeba vibaya, na inabidi asimamishe mbio za maombi mwaka mmoja au miwili aonyeshe semesta safi. Wenzake wengi wanaingia udaktari wakiwa na miaka 24 au zaidi, hajachelewa.

Ila kinachonisumbua mimi siyo W, ni hizo wiki mbili. Tafuta Mtanzania yeyote aliye karibu na chuo chake aende akamgongee mlango leo, na akishapokea simu usiianze na karatasi. Muulize amekula nini, analala saa ngapi, yuko na nani. Mwache aongee.