Kiwanja kidogo Dar? Acha uwazi katikati ya nyumba

Ukiwa na kiwanja Sinza, Tabata au Mbagala, kuta za majirani zinakuwa pande tatu, na upande wa nne ni barabara ya bodaboda. Wengi hujenga mpaka mwisho wa kiwanja, wakafunga madirisha ya aluminiamu, kisha wakaanza kuhesabu luku ya kiyoyozi. Mimi na mume wangu, kwenye mita 15 kwa 20, tuliacha uwazi wa mita 3 kwa 4 katikati ya nyumba, hauna paa.

Fundi hakuuelewa. "Mama, hapo si ungepata chumba kizima cha kupangisha?" Ni kweli, ningepata. Ila sebule, jiko na vyumba viwili vyote vinapumulia hapo, na watoto wanacheza humo bila mtu wa kukaa getini kuwachunga. Wala hatukubuni kitu. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zimefanya hivyo kwa karne nyingi: mtaani ukuta mnene, ndani mwanga. Nyumba za Kariakoo nazo zilikuwa na uani, hata kama leo nyingi zimegeuka maghorofa.

Kabla hujachorewa ramani, fuatilia upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi, na hiyo ndiyo miezi tunayoungua. Kwa hiyo madirisha makubwa yawe mashariki, lakini hewa ipate na pa kutokea, maana chumba chenye dirisha upande mmoja kinabaki na fukuto hata dirisha liwe pana vipi. Sisi tuliweka tofali za matundu juu ya lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), kwenye ukuta unaotazama uwazi, na juu ya kila mlango wa chumba. Joto hupanda, likikosa tundu linakaa chini ya dari, na panga boi linakurudishia hewa ile ile ya moto.

Magharibi peleka choo, stoo na ngazi. Ukuta wa upande huo hupigwa jua kuanzia mchana mpaka linapozama, na tofali za saruji huanza kulitoa joto hilo wakati mnataka kulala. Stoo haijali.

Paa la kuficha, lile ambalo bati linajificha nyuma ya ukuta uliopandishwa, silipendi, na najua nitaudhi watu. Pichani linavutia, lakini kuta zinakosa kivuli, na mfereji uliojificha ukiziba masika maji yanashukia darini. Bati likitokeza karibu mita moja nje ya ukuta, mvua inanyesha na dirisha unaliacha wazi. Dirisha lenyewe lifunguke lote: yale ya kusukuma pembeni unalipia pana, hewa inapita nusu.

Kelele nazo zipangie mahali. Vyumba vya kulala vitazame ndani, barabarani wekeni jiko na sebule. Ila televisheni isikae ukuta unaopakana na uwazi, kwa sababu sauti inazunguka kwenye kuta hizo na nyumba nzima inasikiliza taarifa ya habari.

Sakafu ya uwazi iteremke kidogo kuelekea bomba la maji ya mvua, tena lisiunganishwe na chemba ya choo. Maji yakituama, hata kwenye sahani ya chungu cha maua, mbu wa dengi anazaliwa hapo, na huyu huuma mchana watoto wakicheza. Dar tuliona mlipuko wake 2014 na 2019.

Halafu wezi. Hupitia juu, kwa hiyo uwazi unahitaji grili ya nondo. Iagize kabla ya kupaua, ifungwe kwenye zege la juu ya ukuta. Ukisubiri bati liwe limeshapigwa, wachomeleaji watapanda juu yake, walibonyeze na kulitoboa, na masika itakuonyesha ni wapi.