Muuaji wa Kifranki hakulipa faini

SWALI: Nahariri kitini cha historia ya Ulaya. Mfasiri ameandika: "Wafaransa wa kale walimtoza muuaji faini ya shilingi 200." Je, niache "Wafaransa" au niweke "Wafranki"?

JIBU: Weka Wafranki, kabila la kale la Kijerumani, hilo tulimalize. Mfalme wao Clovis alipotoa Lex Salica, sheria yao ya maandishi, mwanzoni mwa karne ya 6, Mfaransa alikuwa hajazaliwa. Ufaransa ndiyo iliyochukua jina kwa Wafranki, na hata faranga ya Bujumbura inatokana na sarafu ya mwaka 1360 iliyoandikwa kwa Kilatini "mfalme wa Wafranki".

Lakini umeona kibanzi, boriti umeiruka. Boriti ni "faini".

Siku hizi kila hela inayomtoka mkosaji ni faini. Mbuzi kala mahindi ya jirani: faini. Kampuni imemlipa mjane wa kibarua wake: "imepigwa faini". Jamani! Faini, neno tulilolitoa kwa Waingereza, huenda serikalini. Aliyeumizwa haambulii senti. Chake yeye ni fidia. Na malipo ya roho ya mtu, wanayopewa ndugu wa aliyeuawa, yana jina lake la herufi tatu tu: dia. Tumelipata kwa Waarabu, kamusini limo, kosa lake ni kwamba wafasiri hawafungui kamusi.

Sasa tazama sheria yenyewe. Kumuua Mfranki huru: solidi (sarafu za dhahabu) 200. Mtu wa kundi la mfalme: 600. Mrumi mwenye shamba lake: 100. Wana wa marehemu walichukua nusu, ndugu wa kuumeni na kukeni wakagawana nusu ya pili. Na mfalme? Ofisa wake, grafio, alikata theluthi kabla, iitwayo fredus, malipo ya kuvunja amani. Hiyo ndiyo faini! Mfasiri aliyekwisha kuimwaga "faini" mstari wa kwanza atasemaje akifika hapo? "Theluthi ya faini ilikuwa faini"?

Asiyeweza kulipa alileta watu 12 waape naye kwamba hana kitu zaidi, juu ya ardhi wala chini yake. Kisha aliingia nyumbani mwake, akakusanya vumbi la pembe nne, akasimama kizingitini akitazama ndani, akalirusha kwa mkono wa kushoto juu ya bega lake, limwangukie ndugu wa karibu. Halafu peku, kwa shati lisilo na mshipi, fito mkononi, akaruka ua. Deni limehamia kwa ndugu. Faini gani inahama kwa vumbi? Dia ndiyo hudaiwa ukoo kwa ukoo. Ukoo mzima ukishindwa, muuaji alilipa kwa uhai wake.

Hiyo "shilingi" nayo ifute. Solidi ilikuwa dhahabu, gramu 4.5 hivi, 200 ni karibu gramu 900. Sheria ya Waripuari, Wafranki wa Rhine, karne ya 7, ilimhesabu ng'ombe dume mzima, mwenye pembe na macho, kwa solidi 2. Yaani ng'ombe 100, ilhali mwanafunzi wa Dar es Salaam anasoma bei ya andazi.

Andika: "Kwa Wafranki, aliyemuua mtu huru alilipa dia ya solidi 200." Ukiona "dia" itawatisha wanafunzi, weka "fidia ya damu". Nitanuna, lakini sitaifuta.