Mnaoanza kazi kwenye asasi za utafiti wa sera na uchechemuzi, haya mjue mapema

Wadogo zangu mnaoingia sahivi kwenye hizi asasi zinazofanya utafiti wa sera za uchumi na usawa, na uchechemuzi, yaani kuwashawishi wenye maamuzi wabadilishe mambo, wengi mnatoka chuo mko vizuri kabisa, takwimu mnazijua, ripoti ya kurasa themanini mnaandika, na kazi mnaipenda. Nimekaa kwenye hii kazi muda mrefu hapa Tanzania na kuna kitu nataka mkishike mapema. Umaskini upo na kila mtu anajua upo, waziri anajua, diwani anajua, mama muuza mihogo ndo anajua kuliko wote. Hawakusubiri sisi tuwathibitishie. Sisi tunatakiwa tuoneshe hela ilitakiwa ifike wapi, imekwamia kwa nani, nani ana sahihi ya kuikwamua na mwisho wa kuikwamua ni lini. Ukiandika ripoti na hayo manne hayamo, umeandika masikitiko.

Chukua mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, maana karibu kila mtu mtaani ameshaisikia. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 vikundi vya wanawake, 4 vya vijana, 2 vya watu wenye ulemavu, na haina riba. Zamani ilikuwa utaratibu tu, halmashauri ikipenda inatenga isipopenda basi, mpaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A, na 2019 zikatoka kanuni zake. Kijana mgeni akipewa kazi ya kufuatilia hii mikopo cha kwanza anakimbilia magazetini. Anza na kifungu. Kisome, kiprinti, tembea nacho kwenye begi, maana siku ukikaa mezani na mweka hazina wa halmashauri yeye kanuni anazijua kichwani na huruma yako haitakusaidia chochote.

Sasa hesabu, na hapa naomba mtulie maana ndo wengi wanapoharibu. Namba hizi nazitunga ili muelewe. Halmashauri kwenye kitabu cha bajeti imekisia itakusanya bilioni 3 mapato ya ndani. Mgeni anachukua asilimia 10, anapata milioni 300, anaangalia zilizokopeshwa anakuta milioni 140, tayari ameshaanza kuandika kwamba milioni 160 za wanyonge zimeliwa. Subiri kwanza. Kuna mapato lindwa, yaani zile hela ambazo tayari zina matumizi yake maalum kama za uchangiaji wa huduma za afya, hizo haziingii kwenye hesabu ya asilimia 10, tuseme ni milioni 800, inabaki bilioni 2.2. Afu makisio sio makusanyo, mwaka unaisha unakuta kwenye hizo bilioni 2.2 wamekusanya bilioni 1.7. Asilimia 10 yake ni milioni 170, kwa hiyo wanawake milioni 68, vijana 68, wenye ulemavu 34. Zimetoka 140, pengo la kweli ni milioni 30 na sio 160. Usivunjike moyo kwamba namba imepungua, endelea kuchimba. Unaomba mchanganuo kwa makundi, unakuta wanawake wamepata 68 zao zote, vijana 62, wenye ulemavu 10. Yaani katika pengo la milioni 30, milioni 24 ni za watu wenye ulemavu. Hiyo sasa ndo habari. Ukiingia kwenye baraza la madiwani na milioni 160 mweka hazina anakumaliza kwa dakika mbili na asasi yako hawaisikilizi tena mwaka mzima. Ukiingia na milioni 24 yenye anwani, hakuna wa kubisha.

Na hapo hapo usiishie kwenye karatasi, nenda ukaulize kwa nini. Halmashauri nyingi watakujibu "hao hawajitokezi kuomba". Jibu linaweza kuwa la kweli kabisa na bado likawa ndo tatizo lenyewe. Nimewahi kukaa na dada mmoja kiziwi, fundi cherehani, kwenye kata moja ya kanda ya ziwa. Alitoa fomu ya maombi kwenye mfuko wa nailoni, ameitunza haijakunjika hata kona, amejaza jina, amejaza mtaa, kuanzia kwenye maelezo ya mradi wa kikundi kweupe. Cherehani anayo, wateja anao, kazi yake mtaa mzima wanaivaa. Tangazo lilibandikwa ofisi ya kata, maelezo ya namna ya kujaza yalitolewa kwa mdomo mkutanoni na mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Sheria imemtengea asilimia 2 na mlango wa kuifikia umejengwa kwa ajili ya mtu anayesikia. Mambo kama haya huyaoni kwenye jedwali lolote wala ukiwa umekaa ofisini Dar, na ndo maana nasema usawa kwenye sheria ni mwanzo tu wa kazi, lazima uulize kikundi kinaundwaje, katiba yao nani anawaandikia, nauli ya kwenda benki kufungua akaunti nani anatoa, na yule ambaye hana hata wenzake wa kuunda nao kikundi anaishia wapi.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha hii mikopo baada ya ukaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuibua hoja nyingi, vikundi hewa, marejesho hayarudi. Ikarudi Julai 2024, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu utoaji kupitia benki. Kwa mtu wa uchechemuzi kipindi kama kile ni kigumu kwelikweli, kwa sababu hoja za CAG zilikuwa za kweli na huwezi kutetea wizi eti kwa sababu unaipenda programu. Ila unaweza kuuliza gharama ya kusimama inabebwa na nani. Inabebwa na mama ambaye mtaji umekatika, akipiga hodi kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, anafunguliwa siku hiyo hiyo. Ukienda kumhoji usimuulize ameathirika vipi, atakujibu kwa kilio na wewe utaandika kilio. Muulize alikopa shilingi ngapi, mkononi alipewa ngapi baada ya makato, anarejesha ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na akichelewa wanachukua nini. Andika majibu kama alivyosema, hesabu fanya baadae mkiwa wote mnaiona, mara nyingi na yeye anaiona jumla kwa mara ya kwanza pale.

Kuhusu wastani niseme kidogo. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta umaskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 26.4, na kila andiko la mradi linaibeba hiyo. Lakini ndani yake vijijini ni 31.3 na mijini 15.8, na mstari wenyewe wa umaskini ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mwenye 50,000 hahesabiki maskini, mtoto akiugua malaria mara moja keshashuka. Ukitaka kuzungumzia mtu kupanda kiuchumi lazima uwatazame hao walio juu kidogo ya mstari, wanaopanda na kushuka, ambao kwenye asilimia moja ya taifa hawaonekani kabisa.

Kalenda sasa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, hotuba ya bajeti inasomwa Juni, na asasi nyingi zinaamka Juni. Juni keki imeshakatwa. Mwongozo wa mpango na bajeti unatoka mwishoni mwa mwaka, vijiji na mitaa vinaibua vipaumbele vyao, kata inajadili, madiwani wanapitisha mapema mwaka unaofuata, Machi kamati za Bunge zinapitia, Aprili Bunge la bajeti limeanza. Kama unataka hela ya mkalimani iingie kwenye bajeti ya idara ya maendeleo ya jamii basi uwe umeshaongea na afisa maendeleo ya jamii na mwenyekiti wa kamati ya fedha kabla ya Krismasi. Juni bado ina kazi yake, muswada wa sheria ya fedha unapokea maoni ya wadau, nendeni, ila msitegemee kuhamisha mafungu pale.

Na kuna wakati kalenda inavunjwa. Tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai 2021, Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa. Nadhani ilisogea haraka vile kwa sababu kila mtu aliweza kupiga hesabu mwenyewe, nikimtumia mama kijijini 50,000 nakatwa ngapi na yeye akitoa anakatwa ngapi. Hoja yako ikiweza kufika hapo, mtu akaihakiki kwa simu yake mwenyewe, imeshatembea nusu ya safari.

Ndo maana nawasihi andikeni Kiswahili, kurasa mbili, tatu ikizidi sana. Bungeni wanajadili kwa Kiswahili, baraza la madiwani Kiswahili, afu sisi tunawapelekea muhtasari wa Kiingereza cha mfadhili. Juu kabisa weka unachotaka kibadilike, chini yake hesabu, chini yake mtu mmoja au wawili. Ripoti ndefu iwepo, mtu akihoji uitoe.

Vibali msivipuuze, barua ya mkoa, ya wilaya, mtendaji ajue mpo, bila hivyo kazi nzuri inafia kwa mgambo. Wafadhili waheshimuni ila agenda isiwe yao, na kadi ya chama chochote iache nyumbani. Mkiwa Dar nendeni TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo kwenye semina zao za jinsia na maendeleo, GDSS, mkakae nyuma msikilize wanawake wa mtaani wanavyoichambua bajeti, ni shule.

La mwisho ni mrejesho. Watu uliowahoji wametoa nusu siku ya biashara yao, wanastahili kuona ulichoandika kabla ya mbunge. Rudi na ukurasa mmoja, usome kwa sauti, waache wakurekebishe, mara nyingi kuna namba watakwambia hiyo sio. Na hela ya kurudi, pamoja na ya mkalimani, iwekeni kwenye bajeti ya mradi tangu mnaandika andiko, maana mradi ukishaanza hakuna fungu litakalokubali kuibeba.