Kabla Hujanunua Kapsuli za Bakteria, Geuza Boksi

Mwaka juzi niling'olewa gego lililokuwa limetunga usaha, nikaandikiwa amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku saba. Siku ya tatu tumbo lilianza kunguruma, na ya nne nilishinda chooni kuliko ofisini. Dawa hiyo inajulikana kwa tabia hiyo, kwa kuwa haichagui: inapowaua bakteria wa jino huwafagia pia wale wa utumbo mpana, ambao husaga mabaki ya chakula tusiyoweza kuyameng'enya wenyewe na kuwanyima vijidudu waharibifu mahali pa kuota. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa boksi la kapsuli za probayotiki, yaani vijidudu hai vya kusaidia utumbo, kwa shilingi 48,000, na kwa haraka niliyokuwa nayo nikameza kapsuli ya kwanza palepale kaunta pamoja na antibayotiki yangu ya jioni.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipolisoma boksi. Ubavuni, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, nami nililiona boksi hilo likitolewa dirishani, mahali linapopigwa na jua la alasiri la Dar es Salaam. Mbele paliandikwa kwa herufi kubwa "bilioni 50", lakini nyuma palifafanuliwa kwamba hiyo ni idadi ya bakteria hai siku ya kutengenezwa. Bakteria waliokaushwa hufa kidogo kidogo kwa joto na unyevu, na boksi linalostahili kuaminiwa hutaja idadi itakayokuwa imebaki hadi tarehe ya mwisho ya matumizi. Na hao waliosalia hai, mimi mwenyewe niliwateremsha tumboni wakiwa wameongozana na dawa ya kuwaua. Wafamasia wengi hushauri pawe na angalau saa mbili kati ya antibayotiki na probayotiki ya bakteria, ushauri ambao ningeupata bure laiti ningeuliza.

Kasoro iliyonifikirisha zaidi ilikuwa ya majina. Boksi langu lilitaja Lactobacillus na Bifidobacterium, basi. Hiyo ni sawa na kuambiwa mgeni wako anatoka Tanga bila kuambiwa ni nani. Baada ya jina la ukoo na la spishi huja jina la nasaba, yaani herufi au tarakimu chache, na utafiti hufanywa juu ya nasaba, si juu ya ukoo mzima. Lactobacillus rhamnosus GG, kwa mfano, ilipatikana mwaka 1983, na hizo GG ni herufi za mwanzo za majina ya Gorbach na Goldin, watafiti wa Marekani walioitenga. Imechunguzwa mara nyingi, lakini matokeo yake hayawezi kukopeshwa rhamnosus nyingine yoyote, maana ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kufanana tabia. Nyingine yenye sifa yake ni Saccharomyces boulardii, ambayo si bakteria kabisa bali ni jamaa wa hamira ya maandazi, na kwa sababu hiyo antibayotiki za bakteria haziidhuru.

Je, kapsuli zinafaa? Inategemea unazitaka kwa kazi gani. Wataalamu walioitwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, mwaka 2001 walieleza probayotiki kuwa ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha huleta faida kwa afya, na uzito wote uko kwenye maneno "hai", "kutosha" na "faida". Mwaka 2020 chama cha Marekani cha wataalamu wa mfumo wa chakula (AGA) kilipitia ushahidi uliopo, kikaona hautoshi kupendekeza probayotiki kwa magonjwa mengi ya tumbo, ingawa kilikubali, kwa tahadhari, nasaba fulani za kuzuia maambukizi ya Clostridioides difficile, bakteria anayeleta kuhara kukali, kwa watu wanaotumia antibayotiki. Utafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli, uliochapishwa mwaka 2018, ulinishtua zaidi: watu waliopewa mchanganyiko wa probayotiki baada ya antibayotiki walichelewa kurejewa na bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kupewa chochote. Kwa hiyo ile habari ya kumeza kapsuli kila siku "kusafisha tumbo" mimi naiweka kando.

Shangazi yangu wa Songea alipopata habari aliniuliza kwa nini sikunywa togwa. Yeye hupika uji wa mahindi mzito, huuacha upoe mpaka kidole kivumilie, hukoroga humo unga wa kimea cha ulezi na kidogo cha togwa ya jana, kisha hufunika. Asubuhi uji uliosimamisha mwiko huwa umelegea, una uchachu na viputo juu. Togwa hiyo haichemshwi tena, hivyo bakteria wake huwa hai kweli, na ndivyo ulivyo pia mtindi usiopashwa moto baada ya kuganda. Ni haki kusema kwamba chakula kilichochachuka hakiwi probayotiki kwa kuchachuka tu, kwa sababu mara nyingi hatujui ni nasaba zipi zimo wala ni ngapi. Hata hivyo chakula kilichochachuka na probayotiki hukutana: kule Uganda, mradi wa Yoba huwapatia wasindikaji wadogo chachu kavu yenye rhamnosus ileile ya GG kwa jina lingine, nao hugandishia mtindi wa kuuza.

Kuhara kwangu kulikoma siku mbili baada ya kumaliza dozi, na sithubutu kulisifu boksi la 48,000 kwa hilo. Mwaka huu nilipoandikiwa tena antibayotiki nilimuuliza mfamasia maswali matatu: ni nasaba gani, imepimwa kwa tatizo langu, na imehifadhiwa wapi. La mwisho alilijibu kwa kufungua friji, nikanunua boksi dogo la siku kumi.

Mtoto anayeharisha mpe kwanza maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki. Kapsuli haichukui nafasi yake. Mtoto njiti, mgonjwa aliye mahututi na mtu ambaye kinga yake imeshuka wasipewe probayotiki bila daktari, kwani vijidudu hivyo huweza kuingia kwenye damu. Nawe ukiona damu kwenye choo, au homa ikiambatana na kuhara ukiwa bado kwenye dozi, rudi kwa aliyekuandikia dawa siku hiyohiyo.