Maswali ya Wasomaji: Sauti ya Maonyesho na Sauti ya Sebuleni

SWALI: Mhariri, Mei 2025 nikiwa Ujerumani kwa masomo mafupi niliingia kwenye maonyesho ya vyombo vya sauti ya High End mjini Munich. Chumba kimoja kilikuwa na spika ndefu kunishinda, bei yake inajenga nyumba huku kwetu, lakini besi ilinivumia kifuani hadi nikatoka. Chumba cha jirani kulikuwa na spika ndogo za kuweka juu ya stendi, nazo zilinishika karibu nusu saa. Kote kuwili nilisimama nyuma kabisa, ukutani. Je, ni masikio yangu hayajazoea vitu vizuri? Nawazia kurudi, nasikia yamehamia Vienna. — Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Masikio yako hayana kasoro, ndugu. Pale uliposimama ndipo palipoharibu mambo. Sauti nzito hugonga ukuta na kurudi, na shinikizo lake huwa kubwa zaidi ukutani penyewe, na kubwa kupita kiasi kwenye kona. Aliyeketi safu ya katikati alisikia besi ya kadiri. Wewe ulisikia besi iyo hiyo ikiwa imeongezeka desibeli kadhaa (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Spika kubwa hushuka hadi hezi 30 (mitetemo 30 kwa sekunde) au chini ya hapo, kwa hiyo huamsha mivumo yote ya chumba, yaani zile noti nzito ambazo kuta huzikuza. Nyingi kati ya zile ndogo huanza kufifia chini ya hezi 50 hivi, na mivumo ya chini kabisa hubaki imelala. Ndiyo sababu vyumba vidogo vya maonyesho mara nyingi hupendeza kwa spika ndogo. Usiihukumu ile kubwa kabla hujapata kiti cha katikati.

Kuna na kiwango cha sauti. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba muziki ukipigwa chini, sikio hupoteza besi kwanza. Ukiongezwa, besi hurudi na muziki hunona. Kwa hiyo chombo kilichopandishwa desibeli 1 au 2 tu humvutia msikilizaji kuliko mwenzake, wala hatambui kilichofanyika. Pakua programu ya kupima desibeli kwenye simu. Haitakuwa sahihi kabisa, ila inatosha kulinganisha chumba na chumba. Ukikuta huku ni 80 na kule ni 88, hukumu yako kuhusu kipi kizuri bado haijaiva. Namba hizo zinalinda afya pia: wataalamu wa usalama kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda hukatwa nusu, yaani 88 kwa saa 4 na 91 kwa saa 2. Anayetembea vyumba vya desibeli 90 tangu asubuhi, jioni masikio yake yamechoka na kila twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, inamkwaruza. Sikiliza vile unavyovitamani kwanza, na kati ya chumba na chumba toka nje upumzike.

Jambo linalosahaulika zaidi ni muziki wenyewe. Wenye vyumba hupenda kupiga sauti moja ya mwimbaji, gitaa moja, besi ya mbao. Vitu ambavyo karibu spika yoyote ya heshima itavipiga vizuri. Omba kwa adabu upigiwe wimbo wako mmoja, nao wengi hukubali asubuhi kabla watu hawajajaa. Beba faili za WAV au FLAC, aina zisizopunguza ubora wa sauti, kwenye flashi, za ubora wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1. Usibebe zile ulizotumiwa kwa simu, maana huwa zimeshabanwa.

Nasi watu wa magharibi ya Kenya tuna muziki unaofichua mengi. Chukua nyatiti iliyorekodiwa bila vikorombwezo. Kuna nyuzi nane, kuna njuga za mguuni, kuna sauti ya mwimbaji, na kuna pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga ubao wa ala. Kwenye mfumo mzuri unasikia chuma kikigusa mti, kisha mlio wa mti, vitu viwili vilivyofuatana. Kwenye mfumo dhaifu ni "ko" moja tu. Njuga zikisikika kama mafuta yanayokaanga, twita ina kasoro au imepandishwa mno. Baadaye piga isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Fuata ile ya kati peke yake kwa dakika nzima. Ikiwa inamezwa na kubwa kila mara zinapopigwa pamoja, besi ya chumba au ya spika inachelewa kunyamaza. Mwisho piga benga, usikilize pale gitaa la solo linapopanda na besi kuanza kukimbia chini yake. Ukiweza kuimba mstari wa besi noti kwa noti, umekutana na chombo.

Kabla hujatoka, muulize mwenye chumba spika ziko umbali gani kutoka ukuta wa nyuma na zinasukumwa na amplifaya ya wati ngapi, kisha andika. Bila majibu hayo sauti uliyoipenda hutaweza kuirudisha nyumbani.

SWALI: Sebule yangu ni mita 4 kwa 3.5, sakafu ya simenti, dari ya jipsamu chini ya mabati. Spika ziko kwenye kona mbili, kochi limeegemea ukuta. Noti nyingine za gitaa la besi zinavuma nyumba nzima, nyingine hazisikiki. Nibadilishe spika? — Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Usitoe hata shilingi bado. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, upate mvumo wake wa kwanza: 343 gawanya kwa 8 ni hezi 43, kwa ule upana wa mita 3.5 ni hezi 49. Sasa tazama gitaa la besi. Uzi mnene ukipigwa wazi, noti ya E, ni hezi 41. Noti ya G kwenye uzi huohuo ni hezi 49, sawasawa na upana wa chumba chako. A iko hezi 55, haina ukuta wa kuishika. Ndiyo maana G inatikisa vikombe na A inapita kimya. Spika mpya zitakutana na kuta zizo hizo, na zikiwa kubwa zaidi hali itazidi.

Anza hivi. Spika ziondoke konani, zikae mbele ya ukuta mfupi zikielekea urefu wa chumba. Nyuma yake acha sentimita 70, kati ya moja na nyingine mita 1.8, upime kutoka katikati hadi katikati. Hapo pembeni kunabaki sentimita 85 kila upande, na ni vizuri isilingane na ile 70, maana umbali ukilingana kasoro zake hurundikana kwenye noti moja. Kochi livutwe hadi masikio yako yawe mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma. Najua sebule ya familia haina nafasi ya kuchezea. Basi livute wakati wa kusikiliza tu, na hata sentimita 40 zitakupa nafuu. Usikae katikati kabisa ya chumba, kwa sababu pale mvumo wa hezi 43 hupotea na utadhani spika hazina besi.

Piga wimbo mmoja wenye besi inayotembea, sogeza spika sentimita 5 kwa wakati mmoja, rudi uketi usikilize. Tia alama sakafuni kwa utepe wa karatasi kila unapopapenda. Kazi hii inachukua jioni nzima, na hakuna kifaa cha dukani kinachofanya zaidi yake kwa chumba cha ukubwa huo.

Piga makofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa "trrr" mfupi, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Mtu atelezeshe kioo cha kujitazamia ukutani wakati wewe umeketi. Pale unapoiona twita ndipo pa kutundika zulia zito au kuweka kabati la vitabu lisilopangwa sawasawa. Sakafuni tandika zulia kati yako na spika. Lakini ujue mipaka yake: zulia na pazia hula sauti nyembamba tu. Ukivipanga kila mahali utaua njuga na sauti za waimbaji, na G yako ibaki palepale. Zile sponji za sentimita 3 zinazouzwa kwa studio ni hivyohivyo. Godoro kuukuu lenye unene likisimamishwa konani lina faida zaidi, hasa kwa besi ya juu kidogo.

Sasa dari. Tafuta kwenye simu sauti inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 200, uipige kwa kadiri huku mwenzako akizunguka. Vioo vya dirisha, fremu ya picha, taa ya darini, mlango wa kabati: kila kimoja kitalia kwenye hezi yake. Sponji nyembamba au silikoni kidogo hukinyamazisha. Mabati yakilia juu ya jipsamu, mara nyingi ni misumari iliyolegea. Mvua ikinyesha juu ya mabati, hilo ni la fundi wa paa na pamba ya kuzuia sauti, si la spika.

SWALI: Nimerithi santuri ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) za benga, nikanunua mashine ya mtumba. Nikiichomeka kwenye AUX ya redio inatoa sauti nyembamba, ya mbali. Sindano imekufa? — Mwalimu, Kakamega

JIBU: Pengine ni nzima, mwalimu. Sindano za kawaida hutoa milivolti 5 hivi, na AUX inasubiri milivolti mia kadhaa hadi volti 2. Tena santuri hukatwa kwa makusudi besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, karibu desibeli 20 kila upande mwishoni mwa masafa. Kifaa cha fono ndicho hukuza mawimbi hayo na kurudisha usawa. Angalia nyuma ya mashine kama kuna swichi ya PHONO/LINE. Ikiwepo, weka LINE na mambo yameisha. Ikiwa haipo, nunua kifaa hicho kidogo. Usifanye yote mawili, kwani besi itajaa na sauti ipasuke.

Uzito wa sindano fuata karatasi ya mtengenezaji, mara nyingi gramu 1.8 hadi 3, upime kwa mizani ndogo ya kidijitali. Wengi hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno huruka mfereji na kuugonga, nao huharibika upesi kuliko kwa uzito halali. Kwa santuri zilizochezwa sana baa, sindano ya ncha ya duara huvumilia zaidi. Santuri za zamani za mono zichezwe kwa kitufe cha MONO, na mikwaruzo mingi itapungua papo hapo.

Kuosha: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kikifuata mfereji, lebo isilowe. Suuza kwa maji safi ya kuongezea betri, si asidi yake. Ukikuta humo santuri nzito za 78, usizipake spiriti kamwe, inaziyeyusha.

SWALI: Kwenye video za maonyesho naona nyaya za umeme nene kama bomba. Zitasaidia huku kwetu ambako umeme unapanda na kushuka? — Msomaji, Bungoma

JIBU: Hapana. Waya wa mita moja hauwezi kurekebisha umeme uliokwisha kuyumba kilomita nyingi kabla ya kufika kwako. Nunua stabilaiza ya kutosha, iliyozidi matumizi ya amplifaya yako angalau kwa nusu, na kinga ya kukata umeme unapopanda kupita volti 240 kwa mbali. Radi ikianza, chomoa plagi na waya wa antena pia. Kinga ya soketi haizuii radi iliyopiga karibu. Ukisikia mvumo wa hezi 50 usiokoma, chomoa waya wa dishi la televisheni kwanza, huko ndiko hutokea mara nyingi. Usikate pini ya athi (ya kupeleka umeme ardhini) ya plagi kwa sababu ya mvumo. Hiyo pini ndiyo inayolinda maisha.

Waya wa spika: shaba ya milimita 2.5 za mraba, ileile ya soketi za nyumba, inatosha kwa mita 5. Ukinzani wake kwenda na kurudi ni kama omu 0.07, ambao mbele ya spika ya omu 8 si kitu. Kabla ya kulipa kwaruza nywele moja ya waya kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba.

SWALI: Wufa yangu imeandikwa PMPO wati 5000. Jirani ana amplifaya ya wati 40 na inanishinda. Kwa nini? — Kijana, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Geuza wufa yako usome kibandiko cha nyuma. Kikisema inakula wati 120 za umeme, haiwezi kutoa 5000. Haiwezi kutoa hata hizo 120 zote, kwa kuwa nyingine huishia kwenye joto. PMPO ni nguvu ya kilele inayodaiwa kwa nukta tu. Tazama namba ya RMS, yaani nguvu inayodumu. Kisha uliza usikivu wa spika: yenye desibeli 89 kwa wati 1 inahitaji nusu ya nguvu inayohitajiwa na ya 86 ili zilie sawa. Spika mbili za 86 zikipewa wati 40 kila moja hufika karibu desibeli 99 ukiwa umekaa mita 2, na jirani wa pili atabisha hodi kabla hazijafika huko.