Shule ndogo, klabu ngapi?

Mwalimu, unauliza shule yenye wanafunzi 140 ianzishe klabu ngapi. Mbili zinatosha. Sisi tulianzisha saba. Kufika Juni yalibaki majina ubaoni tu, maana watoto walewale watano ndio walikuwa wenyeviti kila mahali.

Anza na mdahalo. Unahitaji darasa, saa na mada inayowagusa. Wetu walibishania simu shuleni mpaka kengele ya chakula ikalia, hakuna aliyenyanyuka (na makande yalikuwa ya nazi siku hiyo!).

Ya pili iwe mazingira. Uchache usikutishe: Roots & Shoots, programu ya vijana ya mazingira, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wanafunzi 12 barazani kwake.

Ila usipange Ijumaa jioni. Wanaotembea kilomita sita kurudi nyumbani hawatabaki.